Jino la Mbele

Mke wangu mpenzi,

Mimi sijambo, mvua zimepungua, na lile shati ulilonishonea limenikaa sawasawa. Ila jino la mbele ulilokuwa ukilisifu limeng'olewa. Saksafoni huegemea meno ya juu, basi kiongozi wa bendi kaniambia nipumzike, nafasi yangu kampa mwingine.

Usilie, na mwambie shemeji asihangaike kunitafutia ukarani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nimewekewa jino la bandia, najifunza upya sauti moja moja. Mwanzoni jirani alikuwa akigonga ukuta: "Bwana wee, huyo mbuzi utamchinja lini?" Nilicheka, nikaendelea kupuliza.

Jana hakugonga. Nilimsikia akizima redio yake.

Mumeo, mpiga saksafoni