Masizi Midomoni mwa Rehema

Marahaba, mjukuu wangu Zawadi. Huku Chang'ombe sote wazima, ila nyumba imepoa tangu mlipohamia Mwanza. Mama yako kanieleza ulivyougua tumbo, na kwamba unauliza hao wadudu waliingiaje wakati hukuwaona.

Nami niliuliza hivyo nikiwa na miaka saba. Mdogo wangu Rehema aliharisha mpaka akashindwa kusimama. Mama alimnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko kimoja kimoja, siku mbili. Nililia sana, maana mie ndiye niliyekuwa nikimlisha; sikujua bado ubaya wa kutoka chooni bila kunawa.

Rehema alipopata nafuu, mama alinipaka masizi ya sufuria viganjani. "Haya, mpe mdogo wako maji."

Nilipomaliza, masizi yalikuwa mlangoni, kwenye kikombe, hadi midomoni mwa Rehema. Mwenyewe akacheka.

"Wadudu husafiri hivyo hivyo," mama akasema, "ila wao hawaonekani."

"Kwa hiyo mie ndiye niliyemuumiza?"

Mama akachukua sabuni, akaniosha kidole kimoja kimoja, taratibu. "Mkono unaomlisha mwenzio ni mkono mzuri, mwanangu. Unataka kunawishwa tu."

Mama hayupo tena, Zawadi. Mpaka leo nikifungua bomba hutamani anishike vidole vile. Ukija likizo nipe mikono yako nikuoshe mwenyewe, hata kama utakuwa umeshakuwa mkubwa.

Bibi yako mwenye hamu nawe,
Mwanahawa