Bolti Iliyobaki

Mjukuu wangu (leo sikuiti mume wangu),

Mkeo ameniambia asubuhi hii tukiwasha jiko: jana ulifunga breki za gari mwenyewe uani, ikabaki bolti moja, ukamwambia, "Kiwandani huweka za akiba." Gari si shati, kifungo kikikatika ukavaa tu. Na leo ndiyo ulitaka kumpeleka kliniki na mimba hiyo.

Chai ipo kwenye chupa. ~~Ufunguo wa gari uko juu ya kabati.~~ Ufunguo ninao mimi, naenda kumwita fundi. Usiguse gurudumu. Bolti ndiyo hiyo iliyokandamiza karatasi hii.

Mkeo alikuwa tayari kupanda hivyo hivyo, usije ukasema anakudharau. Amelia kwa hofu mpaka usingizi umemchukua. Usimwamshe.

Bibi yako