Nimeanikwa Pamoja na Maharage

Mdogo wangu Yohana,

Vidonge vyangu vya vitamini D vimepotea Jumatatu stendi ya Mbeya, thelathini na nane kwa hesabu, kwa sababu ulivifunga kwenye kikapu kisicho na mfuniko. Marahaba hata hivyo, na watoto wasalimie.

Nimebakiza wiki mbili za kukusanya ndizi hapa Tukuyu. Soko huria limeleta maduka matatu ya dawa: yote yana dawa za nywele, vitamini D hakuna. Nikamweleza mwenyeji wangu, Mama Tusekile, kwamba kinga ya mwili wangu inashambulia figo zangu mwenyewe, na daktari amekuta vitamini hiyo iko chini.

"Kwani inapatikana wapi?"

Nikamwambia wengine huipata juani. Hapo ndipo nilipokosea.

Huku mvua ni siku sita kati ya saba, kwa hiyo jua likichomoza mtaa mzima hukimbia kuanika. Jana lilichomoza dakika kumi na nne. Wanawake wanne wakaninyanyua na kiti changu, wakanitua uani kati ya maharage na magodoro.

"Niacheni! Jua linaamsha ugonjwa wangu, daktari kanikataza!"

"Tulia, dada," akasema Mama Tusekile, "tukugeuze upande wa pili."

Leo mashavu yamewiva, miguu imevimba, na mawingu yameanza kuachana.

Nakukumbuka, pamoja na ukaidi wako. Unanitumia vidonge vingine, hunitumii? Nijibu kwa telegramu kabla ya Ijumaa ijayo, saa sita mchana.

Dada yako,
Mama Neema