Mpira Nilioubana

Nyumba ya Uani,
Nyuma ya Gereji.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Habari za huko mbali, na magoti yanaendeleaje? Shemeji naye, kikohozi kimempoa au bado anajificha kuvuta sigara nyuma ya nyumba? Sisi huku wazima, na mjukuu wetu yu hai. Nimelitanguliza hilo ili mengine uyasome umetulia.

Dada, mwambie mwanao wakili asipeleke yale malalamiko. Nilikwambia kwenye simu kwamba nesi alinipiga kibao cha mkono mbele za watu, mzee mzima na mvi zangu. Ni kweli alinipiga. Ila sababu yake niliimeza, na hata kuiandika naona haya.

Unajua mtoto alizaliwa njiti, mapafu bado machanga, akawekewa mashine ya kumsukumia hewa puani. Daktari alitueleza kuwa mapafu ya namna hiyo huweza kupasuka kidogo hata kama kila mtu amefanya kazi yake vizuri. Ndivyo ilivyokuwa. Hewa ikavujia kifuani, ikalibana pafu lisitanuke. Wakamtoboa ubavuni, wakampitishia mpira mwembamba, ncha yake ikazamishwa ndani ya chupa ya maji chini ya kitanda.

Siku hiyo kitindamimba wangu alikwenda kumkamulia mwanawe maziwa, nikabaki mimi. Nikaona mapovu yanachemka ndani ya chupa. Wewe wanijua, maisha yangu yote ni pancha na beseni la maji: povu likitoka, hapo ndipo penye tundu, paziba upesi. Nikajisemea, watu wamesoma hawa lakini hawaoni pumzi ya mtoto inavyopotea. Nikaukunja ule mpira, nikaubana kwa vidole. Mapovu yakakoma, nami nikajisifu moyoni.

Midomo ya mtoto ikaanza kubadilika rangi. Mashine ikalia. Nesi akaja mbio, akanipiga mkono nikaachia. Kumbe yale mapovu ndiyo ile hewa ya kifuani ikitoka, nami niliizuia ikamkaba. Badala ya kuomba radhi, nikamfokea kuwa hana adabu, kisha nikakupigia wewe simu. Majuto ni mjukuu, na mimi yamenijia yote mawili kwa mkupuo.

Nesi aliitwa na mkuu wa wodi kwa ajili ya kelele zangu. Akakiri kunipiga, basi. Nilipomfuata kumuuliza kwa nini hakunitaja, akasema, "Mzee, binti yako hana mwingine wa kumwachia mtoto. Ningemwambiaje?"

Sikuwa na pa kuuficha uso.

Jana nikaenda kwa mkuu wa wodi nikasema yote, binti yangu amekaa pembeni. Nesi ameondolewa lawama. Pafu limeziba lenyewe na mpira utatolewa kesho. Nilidhani binti yangu atalia, au atanifukuza. Aliniuliza tu, "Uliubana kwa muda gani, baba?"

Muda siujui, dada. Nilikuwa naangalia chupa, sikumwangalia mtoto.

Wote uliowapa habari ya kwanza, wape na hii, usinipunguzie. Nisalimie shemeji, wakili na wale pacha wake. Mungu akutunze, na akunyime ndugu wajuaji kama mimi.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi Pancha