Uzi Usiokatwa

Jumatatu, 3 Machi

Naomba radhi kwa ukimya huu mrefu. Namwomba nani? Karatasi! Lakini mtu aliyewafundisha watoto wa wenzake kuandika kila siku, kisha yeye mwenyewe akanyamaza tangu mvua za kwanza, hana budi kuomba radhi hata kwa karatasi. Udhuru ninao, nao ni mdogo: uma wa mbele wa baiskeli yangu ulikatika nikiwa njiani, nikaanguka, mkono ukavimba. Mkono umepona. Baiskeli haikupona.

Leo nimekwenda kwa Bi Tindo kuagiza mpya. Za dukani sizitaki – mabati yaliyopakwa rangi. Nataka chuma kilichoungwa na mtu ninayeweza kumgombeza uso kwa uso.

Karakana yake haijabadilika. Tupa zimepangwa ukutani kwa ukubwa. Mitungi ya gesi imefungwa mnyororo kama mbwa wakali. Harufu ya shaba iliyoyeyuka. Karibu kila kitu hufanya mwenyewe: maungio huyachonga kwa tupa, habu, yaani vitovu vya magurudumu, huzikereza, hata kengele huigonga kwa nyundo ndogo mpaka iimbe. Kiti tu ndicho humwachia Fundi Ngozi, jirani yake.

Tepu haitumii. Huchukua uzi wa katani, huupitisha mwilini mwako – mguu, kiwiliwili, mkono – na kila anapofika hupiga fundo. Uzi hutundikwa msumarini. Siku mwenyewe anapopanda baiskeli kwa mara ya kwanza, uzi hukatwa vipande na kutiwa ndani ya bomba la fremu. Mwenyewe akifa kabla ya kupanda, hukatwa na kutupwa motoni. Vyovyote vile, hukatwa.

"Simama kawaida, Mwalimu," aliniambia. "Usijivute. Unataka baiskeli au unataka cheo?"

Kwenye msumari wa kona uko uzi mweusi kwa vumbi, wenye fundo maradufu upande wa mguu wa kushoto. Sikuuliza ni wa nani. Mwanangu, aliyenizidi urefu kwa kichwa kizima, alipimwa pale wiki ile aliyoondoka kwenda kutafuta kazi ng'ambo ya mto, akamwambia Bi Tindo asianze mpaka arudi. Mguu wake wa kushoto ulivunjika utotoni, ukaunga ukiwa mfupi kidogo. Hakurudi. Simu yake ikazimika. Hakuna maiti, hakuna barua, hakuna hata mtu wa kusema alimwona. Miaka saba sasa.

Alhamisi, 6 Machi

Mkwe wangu alikuja alasiri. Mke wa mwanangu – bado namwita hivyo, na hilo ndilo lililomleta.

Kuna mwanamume anayemtaka. Mfamasia, aliyefiwa na mkewe, mtu wa heshima zake. Jamaa za mkwe hawatamjibu mpaka baba wa mume atoe kauli. Yaani mimi.

Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni. "Baba, mimi si mke wala si mjane. Watu wakiniuliza, nasema nipo tu. Ukisema amekufa, nitamlilia kama wenzangu wanavyolia. Ukisema yu hai, nitakaa. Lakini sema."

Mke wangu akainuka akaenda jikoni. Sufuria ikaanguka. Haikuanguka kwa bahati mbaya.

Nilimjibu kwamba nitatoa kauli baiskeli yangu itakapokuwa tayari. Kwa nini nilisema hivyo? Sijui. Nilitaka muda, nikashika kitu kilichokuwa karibu. Alipokwisha kuondoka, mke wangu alinijia juu: mtoto wa watu kaomba neno, nami nimempa baiskeli! Kisha akashusha sauti. "Usiseme amekufa, mzee wangu. Hujamzika."

Jumanne, 11 Machi

Nimeudhika!

Fremu imeungwa. Kazi safi, siwezi kukana – shaba imeingia katika kila ungio, hakuna tone lililomwagika. Lakini nilipojaribu kusimama juu yake, bomba la juu lilinigota pabaya. Nikasimama kwa ncha za vidole kama mwizi dirishani.

"Hii si yangu," nikasema.

"Mwalimu, umesinyaa tangu wiki iliyopita," akasema Bi Tindo, akicheka. Akauchukua uzi kwenye msumari wangu anipime tena. Kicheko kikamkauka. Fundo la paja lilifika chini ya kwapa… hapana, natia chumvi. Lilipita nyonga kwa upana wa kiganja. Na upande wa kushoto palikuwa na fundo maradufu.

Nikamwambia kwamba kosa liko wazi: amechukua uzi wa msumari mwingine. Hata fundi mzuri huchanganya. Alinyoosha kidole kwenye kona. Uzi mweusi ulikuwa palepale, na vumbi lake, na utando wa buibui kati yake na ukuta. Akauteremsha, akauweka kando ya ule mpya juu ya meza. Fundo kwa fundo. Sawasawa.

Nyuzi mbili, mtu mmoja. Uzi wangu mimi haupo. Tulitafuta chini ya meza, ndani ya ndoo ya vyuma, mifukoni mwake. Haupo kabisa.

"Nilikupima wewe," akasema. "Mikono hii ilikushika wewe. Nilihesabu hata mbavu zako."

Jumatano, 12 Machi

Nilimuuliza mke wangu kama amekwenda karakana. Nilimuuliza kwa ukali, nakiri – nani mwingine anayeujua mwili ule? Nani mwingine angetaka baiskeli ile itengenezwe?

Alikuwa akikunja nguo. Akasema hajakanyaga pale tangu mtoto aondoke, na kwamba nikitaka ale kiapo nimletee kitu cha kuapia. Kisha akauliza, bila kunitazama: "Mguu wa kushoto wameukumbuka?"

Nikasema ndiyo.

Akalikunja shati lilelile mara ya pili.

Jumamosi, 15 Machi

Bi Tindo alinipa njia mbili. Kuikata fremu na kuanza upya, kazi bure kwa upande wake. Au kuiacha.

Nilikwenda nikiwa nimekwisha kukata shauri: ikatwe. Nilikuwa na sentensi yangu tayari kichwani. Msumeno ulikuwa mezani. Nikafungua kinywa, nikasikia sauti yangu ikisema, "Endelea."

"Endelea vipi? Utaipandaje? Kwa ngazi?"

"Endelea, bibi. Vishushe vinavyoshuka."

Akaniambia kiti kinaweza kushushwa mpaka chini kabisa, na usukani pia. Miguu itafika, kwa shida. Kisha akachukua ule uzi mpya akautundika, si kwenye msumari wangu. Kwenye ule wa kona, pamoja na mwenzake.

Jumatano, 19 Machi

Nimekichukua kiti kwa Fundi Ngozi. Ngozi hulowekwa, hubanwa juu ya kalibu ya mbao, kisha hufungiwa ndani ya sanduku ikauke polepole. Sanduku lina kufuli. Alilifungua mbele yangu.

Ngozi nzuri, nene, rangi ya chai ya rangi. Misumari ya shaba imekaa kwa safu. Na upande wa kulia umebonyea.

Si ufa, si kasoro ya ngozi. Umebonyea jinsi kiti kinavyobonyea kwa matako ya mtu mmoja kwa miaka – mtu anayeegemea kulia kwa sababu mguu wake wa kushoto ni mfupi. Tuliitoa kalibu tukaitazama. Mbao sawa kwa sawa, pande zote mbili.

"Hiki kimekaliwa," akasema Fundi Ngozi.

"Na nani?"

"Wewe ndiye mwenye mali, unaniuliza mimi?" Akavuta pua. "Mwalimu, mimi mzee mwenzako, sina wa kumsingizia. Funguo ninalala nazo. Chukua kiti chako, na usinirudishie."

Alikifunga kwa gazeti, tena kwa haraka. Nilipokibeba kwapani kilikuwa na joto. Jua lilikuwa kali. Bila shaka ni jua.

Ijumaa, 21 Machi

Imekwisha. Nyeusi, bila pambo, isipokuwa maungio yaliyochongwa kama majani membamba. Magurudumu yakisukumwa kwa kidole huzunguka bila sauti, mpaka macho yachoke. Mikono ya pedali haikulingana: wa kushoto ni mfupi, kama uzi ulivyotaka. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kumiliki, na si changu.

Bi Tindo alinitolea nyuzi zote mbili zimefungwa pamoja. Akasema hawezi kuzikata. Anayekatiwa ni aliyepanda, au aliyekufa. "Sasa wewe niambie ni yupi, Mwalimu. Mimi fundi tu." Hakuwa akitania.

Sikuipanda. Niliikokota hadi nyumbani, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kiti. Sikuigusa kengele. Naandika tena ili nijisomee kesho: sikuigusa kengele.

Nilipokata kona ya mwisho, mke wangu alikuwa amekwisha kufungua lango. Povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Alitoka mbio, akasema, kwa sababu alisikia mlio wa kengele, mara mbili kwa kuvuta – alivyokuwa akipiga mwanetu akifika. Aliitazama baiskeli. Kisha akatazama nyuma yangu, barabarani, kwa muda mrefu. Mpaka nikageuka.

Hapakuwa na mtu.

Jumamosi, 22 Machi

Nilikishusha kiti mpaka mwisho na kukikaza kwa spana. Asubuhi hii nimekuta kimepanda. Kirefu, urefu wake yule. Spana imo katika droo yangu, chini ya miwani.

Nimekishusha tena. Nikaingia kunywa chai, nikatoka. Kimepanda.

Mke wangu alikuwa anafagia uwanja. "Mwache," akasema. Si "kiache". Nilikaribia kumsahihisha.

Anaimba leo. Nilikuwa nimeusahau wimbo huo – si wimbo wenyewe, ni kwamba alikuwa mtu wa kuimba.

Jumapili, 23 Machi

Mkwe amefika. Amesikia kwamba baiskeli iko tayari, akaja kuchukua kauli yake. Amevaa nguo ya kawaida, hakujipamba, hakutaka ionekane kwamba anatarajia lolote. Amekonda. Sijawahi kuliona hilo mpaka leo, na mimi ndiye niliyejisifu miaka yote kwamba naona kosa kutoka nyuma ya darasa.

Nilikuwa nimepanga hivi: nikishushe kiti mbele yao, niipande, nizunguke uwanja mara moja hata kama nitaanguka. Iwe yangu. Kisha nizikate nyuzi, na nimwambie mkwe, nenda, mwanangu. Amekufa, mlilie, olewa. Ni haki yake. Sina shaka hata kidogo kwamba ni haki yake.

Nikakishusha. Nikakaza mpaka mshipa wa mkono ukaniuma. Nikaingia chumbani kuchukua mkasi.

Ninaandika nikiwa nimesimama, daftari kwenye ukingo wa dirisha. Mkasi huu hapa. Nyuzi hizi hapa – na sasa, nikizitazama mchana kweupe, ule mpya nao umeshika vumbi. Siwezi tena kusema upi ni upi.

Kutoka hapa nawaona wote wawili barazani. Hakuna aliyeinuka, sikuwapa mgongo zaidi ya pale nilipofungua droo. Baiskeli imeegemea ukuta mbele yao.

Kiti kimepanda.

Mke wangu anakitazama na kutabasamu, kama mtu anayemwona mtoto akila. Mkwe hatabasamu. Wala hashangai! Hilo ndilo lililonisimamisha hapa. Ameweka kikombe chini. Ameinuka. Ameiendea baiskeli, ameweka kiganja juu ya kiti, pale palipobonyea, na anasema nacho. Si kwa sauti ya mtu anayeomba dua wala anayeota. Ni sauti ya mke aliyekaa na chakula mpaka kikapoa.

"Miaka saba," anamwambia. "Ulikuwa na mdomo. Hata neno moja? Kama ni kurudi, ingia ndani nikuone. Kama si kurudi, niache niende."

Kengele imelia. Mara mbili, kwa kuvuta. Mkono wake uko juu ya kiti. Ule mwingine ameufunika nao mdomo.

Sasa ananiita. "Baba! Njoo na mkasi."

Na mke wangu, hajageuka, macho bado kwenye kiti: "Usije nao, mzee wangu. Nakusihi. Usije nao."

Wananingoja wote. Hata kiti, kama mtu wa tatu, kinaningoja.

Nitaweka kalamu chini sasa. Nikishaamua, nitaandika.