Ngazi Inayorudi Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Sijawahi kumwambia mtu hili, hata Mama: nikisikia muziki naona ngazi. Kweli kabisa. Sauti ikipanda, vidato vinapanda. Ikitulia, naona kibaraza kidogo cha kupumzikia. Nilidhani kila mtu yuko hivyo. Kumbe!

Leo mwalimu wa studio ya usanifu majengo ametupa kazi: chagua muziki, uugeuze jengo. Wenzangu wakalalamika — jamani, muziki una kuta? Mimi nikajiinamia nisionekane ninavyotabasamu. Kwa mara ya kwanza shuleni nimeulizwa kitu ambacho sihitaji kukitafsiri kichwani kwanza.

Nimechagua kipande cha vayolini alichokuwa akipiga Dada chumbani kwake mwaka mzima, akijiandaa kwa usaili wa okestra. Ukuta wetu mwembamba. Nimekikariri hadi pumzi zake.

Sijamwambia. Tangu okestra wamkatae, vayolini iko uvunguni na hakuna anayethubutu kuitaja.

Jumatano, 5 Machi

Kadibodi imeisha, gundi hadi kwenye kucha. Lakini modeli inasimama! Noti fupi, kidato chembamba. Noti ndefu, kidato kipana. Noti nzito — hapo kuta zinasogeleana, unapita kwa ubavu. Na kimya je? Nilikiziba, kikawa kama selo ya polisi. Nikatoboa — mwanga ukashuka hadi kidato cha chini kabisa. Kumbe kimya ni dirisha! Nani angejua?

Katikati kuna pahali ninapopapenda kuliko pote. Unapanda, unakaribia juu, halafu unashuka vidato vitatu, unatua, unapanda upya. Ndivyo kipande kinavyokwenda.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu! Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwenzetu Rula (tunamwita hivyo kwa urefu wake) aliisoma modeli yangu kwa kidole huku akiimba chinichini. Kumbe na yeye anapiga vayolini. Kidole kikafika pale katikati, kikasita. Akasema hapa umechemsha, mtoto wa watu, wimbo haushuki, unapitiliza hadi juu. Nikabisha. Mimi, kubisha! Akatoa simu, akatuchezea. Wimbo ukapanda moja kwa moja.

“Ngazi ya wasioamua!” mtu akapiga kelele. “Ukisahau funguo chini, umeshawekewa njia!” Studio nzima hoi kwa kicheko.

Hapo ndipo nilipoelewa. Dada alikuwa anakosea. Kila siku, palepale — anakwama, anarudi nyuma, anaanza tena. Nami nikadhani ndio wimbo wenyewe. Mwaka mzima nimelipenda kosa la dada yangu.

Nikachukua kisu nikate. Mwalimu akanishika mkono. Akasema kwingine kote watu watapita tu. Hapa ndipo watakaposimama. Akauliza ni nani anayepiga hivyo. Nikasema dada. Basi Jumatatu, siku ya kuonyesha kazi, aje apige, akasema, kama anavyopiga nyumbani.

Kama anavyopiga nyumbani! Mbele ya watu!

Jumapili, 9 Machi

Nikimwambia, nitakuwa nimemjengea kosa lake, kidato kwa kidato. Nisipomwambia, itabidi niikate leo hii, libaki jengo kama jengo lolote. Nimeshika kisu, nimekiweka. Nikaishia kula mkate.

Mezani nilijaribu. Nikasema, Dada, eti... Eti nini? akauliza. Nikasema nisogezee chumvi. Ilikuwa mbele yangu.

Modeli nimeiacha sebuleni gundi ikauke. Sikufikiri!

Sasa hivi nimechungulia. Dada amechuchumaa mbele yake, anatembeza vidole viwili vidatoni kama miguu ya mtu mdogo. Midomo inamcheza — anahesabu? Anaimba? Vidole vikapanda. Vikafika pale. Vikashuka vitatu. Vikasimama.

Nimerudi kitandani mbio. Ngoja — chumbani kwake kitu kinaburutwa sakafuni. Kutoka uvunguni! Anakaza nyuzi. Anapiga! Anapanda, anapanda... amefika pale.

Kimya.

Sijui atarudi nyuma au atapitiliza. Na sijui nataka kipi!

Bado kimya. Mlango wake. Nyayo. Anakuja huku, uta wa vayolini unagonga ukuta tap, tap — shajara hii chini ya mto, hara—