Mkanda wa Koti la Mvua

Mdogo wangu,

Kaka yako hajambo, ila miguu imevimba kwa kukaa kwenye mabasi na viti vya plastiki. Natumai presha yako imeshuka tangu Jumapili, na kwamba shemeji anakusimamia umeze dawa, maana najua ukikasirika huwa unasema dawa ni za wazee. Wasalimie pia majirani waliokuja klabuni kutazama mechi kwenye ile skrini kubwa uliyoiazima. Wape pole kwa waliyoyaona.

Uliniuliza kwenye simu, katikati ya matusi, ni nani aliyemnunua binti yako ili ashindwe mechi, na mimi nimepata mgao gani. Sikukujibu kwa sababu ulikuwa unapiga kelele, na kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Unanijua. Miaka yote niliyofundisha fizikia sikuwahi kuandika jibu ubaoni kabla ya hatua zake. Vumilia basi, jibu lipo na nitakupa.

Uliponiomba nimsindikize msimu huu, baada ya wewe kumrushia mwamuzi chupa na kufungiwa usikanyage viwanjani, nilidhani nakwenda kuona dunia. Nilichokiona ni vyumba. Binti yako Shoto (nitamwita hivyo kwa sasa, kama tulivyozoea) alicheza karibu kila wiki katika mji mwingine, na kila mji ulikuwa na chumba kilekile: vitanda viwili vyembamba, dirisha linalotazama maegesho ya magari, na bafu ambalo, kwa maneno ya mwenzake wa chumbani, ukipiga mswaki kiwiko kinafungua mlango. Huyo mwenzake nilimpa jina la Chiriku, kwa kuwa hakunyamaza hata usingizini. Alikuwa mchezaji kama yeye, na waligawana chumba, sabuni na dawa ya kuchua misuli.

Nikueleze hali ilivyo, maana wewe uliisikia kwa simu tu. Katika tenisi watu wanawajua wale wachache wanaoonyeshwa kwenye televisheni. Chini yao kuna mamia wanaocheza raundi za mchujo asubuhi na mapema, kwenye uwanja wa pembeni, na watazamaji ni mimi, mama wa mpinzani na mfagiaji. Kila wiki wote hushindwa isipokuwa mmoja. Mtu anaweza kufanya kazi nzuri maisha yake yote na kila wiki akarudi chumbani ameshindwa. Shoto alishindwa mara nyingi, na kila aliposhindwa simu yako iliingia kabla hajavua viatu. Ulimwambia hata mbuzi angeurudisha mpira ule. Ulimuuliza kama mkono ameusahau nyumbani. Ukishakata, Chiriku alikuwa anaigiza sauti yako, anakoromea taulo: we taulo, umelala au umekufa? Binti yako alicheka mpaka akalia, au alilia nami nikadhani anacheka. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Katikati ya msimu bega la kushoto likaanza kuuma. Daktari wa mashindano, mama mmoja mpole, alinichorea kwa kalamu kwenye bega lake mwenyewe pale msuli ulipochanika, akasema apumzike hadi mwaka mwingine. Nilikupigia. Ulisema achomwe sindano moja, acheze. Daktari alinieleza kwamba sindano ile haiponyi, inanyamazisha tu, na kinachoharibika kinaendelea kuharibika kimyakimya. Hayo nayo nilikupigia nikakwambia. Ulisema ndivyo unavyotaka, kimya.

Kila asubuhi alilinyoosha bega hilo kwa mkanda wa kitambaa cha bluu, ule wa kufungia koti la mvua kiunoni. Aliuzungusha kwenye kitasa cha mlango, akavuta taratibu, macho ameyafumba. Nilimuuliza kwa nini asitumie kamba za mpira kama wenzake. Akasema, Baba mkubwa, huu nimeuzoea.

Kisha droo, ile kura ya kupanga nani acheze na nani, ikamkutanisha na Chiriku. Chiriku alikuwa na kifundo cha mguu kibovu, akikificha ndani ya soksi mbili ili wapinzani wasijue, na aliyeijua siri hiyo ni mwenzake wa chumbani peke yake. Jioni ulipiga simu kama kawaida yako, ukauliza mpinzani wa kesho ana kasoro gani. Binti yako amefunzwa kukujibu. Akakujibu. Ukamwagiza amdondoshee mipira mifupi karibu na wavu, mmoja kulia, mmoja kushoto, mpaka mguu ule ukatae.

Alifanya hivyo. Nilikuwa kwenye benchi na niliona Chiriku alivyoelewa. Alimtazama mwenzake mara moja tu, kisha akaendelea kukimbilia kila mpira, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yao. Katika seti ya pili kifundo kilivunjika kwa mlio kama wa kijiti kikavu. Sasa, katika mchezo huu ni desturi kupeana mikono wavuni mechi ikiisha, hata mshindwa awe na hali gani. Chiriku alibebwa kwenye kiti mpaka wavuni, akanyoosha mkono, akatabasamu, akamwambia binti yako amsalimie baba, amwambie kwamba Chiriku ameelewa. Nawe uliposimuliwa ulicheka, ukasema leo ndiyo amekuwa mchezaji.

Tangu hapo kitanda cha pili kilibaki kimetandikwa. Shoto akaanza kuamka kabla ya wenzake, akienda kwenye ukuta wa mazoezi kupiga mpira kwa mkono wa kulia. Alipiga vibaya, kama mtu anayefukuza nyuki. Nilidhani analipumzisha bega, nikamsifu. Kwa ile tabia yangu nikamweleza na faida ya kushoto: mpira wa mtu wa kushoto huzunguka kinyume, ukidunda humtoroka mchezaji wa kulia upande wake dhaifu, na mara nyingi humtoroka pale pointi inapokuwa kubwa. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akasema hayo aliyasikia kabla hajajua kuomba maji.

Tukafika kwenye mashindano makubwa, mechi ya mwisho ya mchujo. Akishinda anaingia kwenye droo kuu, na jina lake linabandikwa pamoja na ya wale wa kwenye televisheni, jambo uliloliombea tangu alipozaliwa. Mpinzani alikuwa msichana wa shule, niliyempita kwenye korido akilia kwa woga. Daktari wa huko alimchoma sindano uliyoitaka. Nasema haya kusudi usije ukajifariji kwa bega. Bega lilikuwa limenyamaza kama ulivyopenda. Wakati wa kupasha misuli alipiga kwa kushoto na mpira ukaimba hewani. Angemaliza kabla jua halijawa kali.

Mwamuzi akatangaza mchezo uanze, naye akaihamishia raketi mkono wa kulia. Yaliyofuata mliyaona, wewe na wageni wako. Hakupata hata gemu moja. Mpira ulikwenda wavuni, ukaenda kwenye uzio, mara nyingine haukuguswa kabisa. Labda skrini haikuwapa sauti, kwa hiyo nikuambie: mwamuzi alishuka kwenye kiti akamwonya, maana sheria inamkataza mchezaji kucheza bila kujituma. Alimjibu kwa heshima kwamba tangu azaliwe hajawahi kujituma namna ile. Karibu na mwisho mpira ulimjia upande wa kulia, akauzungushia mkono mzima, ukatua kwenye kona kule mwisho, safi, na yule msichana wa shule hakusogea. Binti yako alisimama akautazama mkono wake kama mtu aliyepigiwa hodi. Ulimwona? Au ulikuwa umeshaizima skrini?

Nilimkuta kwenye korido, amekaa juu ya mkoba wa raketi. Nilimuuliza maswali yaleyale uliyoniuliza wewe, kwa sauti ya chini kidogo. Akaniuliza anaandika kwa mkono gani. Nikasema kwa kulia, nalijua hilo siku zote. Nilidhani walimu wenzangu walimlazimisha darasani, kama tulivyokuwa tunawalazimisha watoto wa kushoto zamani. Akasema hapana. Walimu walimrudishia.

Mdogo wangu, ulidhani hakumbuki kwa kuwa alikuwa mdogo. Anakumbuka. Anakumbuka kwamba alizaliwa mtu wa kulia kama sisi. Anakumbuka ulivyotoka kushindwa fainali ya klabu na yule karani wa mkono wa kushoto, na kwamba baada ya hapo kila asubuhi uliufunga mkono wake wa kulia kiunoni kwa mkanda wa koti lako la mvua, ukampa kijiko kwa kushoto, mpira kwa kushoto, mswaki kwa kushoto, mpaka siku alipoanza shule. Anakumbuka kujikojolea kwa sababu hakuweza kufungua kifungo. Lile kovu la kidevuni ulilotuambia sote ni la bembea si la bembea. Alijikwaa kwenye kizingiti cha stoo, na mtu aliyefungwa mkono hawezi kujikinga; akatangulia uso. Anasema ulimwinua, ukaukagua mkono wa kushoto kama uko salama, ndipo ukafuta damu.

Basi jibu lako ndilo hili. Hakununuliwa na mtu. Alitaka uone, mbele ya watu wako, yule mtoto uliyemfunga angecheza vipi. Alicheza vibaya na anajua. Anasema ndiyo maana ilikuwa lazima uone.

Viwanjani hatarudi. Yuko kwa kina Chiriku, anamshika mkono kwenye ngazi. Chiriku hajamsamehe. Anamruhusu tu, kwa kuwa nyumba ina ngazi nyingi, na siku hizi haongei. Jina la Shoto ameomba tusimwite tena. Lipo lile aliloachiwa na marehemu mama yetu, na ndilo tutakalotumia.

Msalimie shemeji. Kwake binti hana neno, wala zuri wala baya. Anakumbuka kwamba ndiye aliyekuwa anaufungua mkanda wakati wa kuoga, na ndiye aliyekuwa anaurudisha.

Mkanda wenyewe umo humu kwenye bahasha. Amesema ni mali yako. Ukitaka kumwandikia, ana sharti moja. Ujifunge mkono wa kulia kiunoni kwa mkanda huo, uandike mwenyewe kwa kushoto, kuanzia salamu mpaka sahihi. Barua yenye mwandiko mzuri ataichana bila kuisoma, na nimemwahidi kwamba mimi sitaiandika kwa niaba yako.

Nakutakia afya, na ninamaanisha. Kabla ya kufunga barua nimelijaribu sharti hilo, kama nilivyokuwa nikiyajaribu majaribio ya maabara kabla ya kuwapa wanafunzi. Sahihi hapo chini nimeiandika kwa kushoto, mkono wa kulia nikiwa nimeukalia. Nimeharibu karatasi nyingi, na bado inafanana na maandishi ya mtoto anayemwogopa mtu aliyesimama nyuma yake.

Ni mimi,

kaka yako